Kupigwa Mia Tano Hamsini

Kwa mamlaka aliyopewa, na kwa mamlaka nyingine ambayo hakupewa ila aliikuta ofisini akaona isikae bure, Bwana Ladislaus Mkwinda, Mratibu wa Mamlaka ya Uratibu wa Barua Zisizo na Karatasi, alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi hakutakuwa tena na mtu asiyejulikana katika wilaya za Newala na Masasi. Wanaojulikana wataendelea kujulikana. Wasiojulikana watakataliwa kwa heshima zote. Tangazo lilisomwa mbele ya ghala kwa kipaza sauti, likarudiwa tangu mwanzo kwa sababu jenereta lilizima katikati ya neno "heshima", na wananchi waliofuata maji wakabaki wanasikia kwamba watakataliwa tu.

Dominika Nangomwa alisimama nyuma ya kipaza sauti akiwa ameshikilia waya usichomoke. Kazini aliitwa Msimamizi wa Seva. Mtaani aliitwa Mama Agatha, na hata kazini, Mratibu akitoka, aliitwa Mama Agatha. Alikuwa karani wa masjala miaka kumi na mmoja, kisha akapelekwa semina ya siku tisa Mtwara, na siku ya tisa akarudi na cheti, begi la plastiki na madaraka juu ya barua zote za nyanda za juu. Alipiga makofi tangazo lilipoisha. Alijua nani atakayepata taabu Jumatatu, ila alitumaini labda hatakuwa yeye.

Mamlaka hiyo, kwa kifupi MUBAZIKA, ilizaliwa miaka ya soko huria. Serikali ilikuwa inajitoa kwenye biashara, vyama vinafungwa, maghala yanapangishwa, watumishi wanapunguzwa. Huko Dar es Salaam mtu mmoja mwenye akili akagundua kwamba huwezi kupunguza watumishi vizuri bila kuajiri wengine wa kusimamia upunguzaji, na hao nao wanahitaji barua pepe. Ndivyo Newala ilivyopata ghala la zamani la korosho lililogeuzwa ofisi, modemu moja, na seva.

Seva ilikaa kwenye kona ilipokuwa imesimama mizani. Ilikuwa kompyuta ya kijivu isiyo na mfuniko, na kwa kuwa ghala halikuwa na dirisha, iliwekewa magunia mabichi pembeni ili isipate homa. Kwa siku magunia yalikunywa madebe mawili ya maji yaliyopandishwa mlima kutoka bondeni. Watumishi saba walikunywa debe moja. Mratibu alipoulizwa juu ya jambo hilo na mkaguzi, alijibu kwamba watumishi wana uwezo wa kuvumilia na seva haijapata semina ya uvumilivu. Mkaguzi aliandika kuwa maelezo yanaridhisha.

Hapo mwanzoni, seva ilikuwa haimkatai mtu. Ukiandika barua kwa jina lolote, la mtu, la mbuzi au la kijiji, mradi mwishoni umeweka jina la MUBAZIKA, ilipokelewa na kutiwa kwenye sanduku moja ambalo Mratibu alilisoma mwenyewe kila asubuhi. Mle mlijaa barua za watu wa nchi za mbali waliotaka kumwotesha nywele, kumpunguza kitambi na kumuuzia makoti ya theluji. Mratibu alifunzwa utumishi zamani, wakati barua ya ofisi hailali bila jibu. Akazijibu zote. "Yahusu: Makoti ya Theluji. Barua yako ya tarehe tajwa imepokelewa na inafanyiwa kazi." Wale watu hawakuwahi kujibiwa na mtu yeyote duniani. Walifurahi, wakawaambia wenzao. Baada ya miezi miwili zilikuwa zinaingia barua elfu tisa kwa siku, na kamati ndogo ilikuwa imeundwa kutathmini mahitaji ya makoti ya theluji katika kata ya Mnyambe. Kamati ilikaa mara nne. Ilipotaka kukaa mara ya tano, seva ilijaa pomoni ikagoma.

"Mheshimiwa," Dominika alimweleza siku ile, "inabidi tuipe seva orodha ya watu wetu. Barua ikija kwa mtu asiyekuwemo, ikataliwe mlangoni. Mwenye kuituma anarudishiwa jibu kwamba mpokeaji hajulikani, namba mia tano na hamsini."

"Inakataa yenyewe?"

"Yenyewe, mheshimiwa."

"Bila kamati?"

"Bila kamati."

Mratibu alifumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Katika miaka ishirini na minne ya utumishi hajawahi kupata chombo kinachokataa watu bila kuomba maji ya kunywa.

Dominika akaandika orodha, na hapo ndipo lilipoingia kosa, kama lilikuwa kosa. Dominika alilelewa vizuri. Nyanda zile mtu mzima akishapata mtoto, jina lake alilobatizwa au kupewa na shehe linawekwa pembeni, na anayelitamka hadharani ni hakimu au mlevi. Dominika hakuwa hakimu wala mlevi. Aliandika watu kama wanavyoitwa na wenye adabu zao: babawema, mamakelvin, bibiisabela, kila mmoja na sanduku lake. Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri mno hata Mratibu akaingiwa na wasiwasi, akaomba aione orodha.

"Bi Dominika, huyu babawema ni nani?"

"Ni Baba Wema, mheshimiwa. Katibu wa wakulima wa Kitangari. Mzee Bwanali."

"Serikali haimtambui mtu kwa watoto wake. Kadi yake ya kupigia kura inasemaje?"

Dominika alitafuta jalada. "Bwanali Hamisi Mtalika."

"Umewahi kusikia mtu akimwita hivyo?"

"Hapana, mheshimiwa. Sijawahi kumsikia yeyote."

"Basi hilo ndilo jina lake la kiserikali," alisema Mratibu, na akaamuru majina yote ya uani yaondolewe, yawekwe majina matatu matatu kutoka kwenye majalada. Ndipo likatolewa lile tangazo la kipaza sauti, na nyuma ya tangazo ukafuata Waraka Namba Saba, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe na kupelekwa wizarani kwa basi: "Yeyote atakayekataliwa na seva atahesabika kuwa hajulikani. Asihudumiwe, asikaribishwe kiti, wala asijibiwe salamu kwa namna inayoweza kutafsiriwa kuwa anafahamika, mpaka athibitishwe."

Jumatatu saa mbili kamili seva ilianza kukataa kwa orodha mpya. Ilikataa hadi saa kumi jioni bila kupumzika. Shemeji wa Mama Kelvin aliandika kutoka Songea, akapigwa mia tano hamsini. Shirika fulani lilimwandikia Bibi Isabela kuhusu mradi wa kisima, likapigwa mia tano hamsini. Makoti ya theluji nayo yalipigwa, hilo lazima tuseme ukweli, na Mratibu aliliandika kwenye ripoti kama mafanikio ya asilimia mia.

Jumanne usemi ulishatoka ghalani ukaingia mtaani. Kijana aliyeenda kuposa akarudi na kanzu yake alisema amepigwa mia tano hamsini. Timu ya Lupaso ilifika uwanjani Masasi ikakuta wenyeji hawapo, nahodha akasema hayohayo. Bibi mmoja wa Mnyambe aligonga kwa mkwewe, akasikia sufuria zinafunikwa na taa inapunguzwa, akageuka kurudi kwake huku akimweleza kila anayekutana naye njiani kwamba mkwe amempiga mia tano hamsini na wali alikuwa anausikia harufu.

Jumanne hiyohiyo alifika Baba Wema.

Alikuwa na miaka sitini na mitano, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na mfuko wa nailoni uliobeba vitu vitatu: daftari la wakulima, kalamu, na kishada cha maua ya mkorosho. Dominika alimwamkia, akampa kiti, akakumbuka Waraka, akakirudisha kiti nusu hatua, akaona aibu, akakisogeza tena.

"Mwanangu Mama Agatha, barua ya salfa imekuja?"

"Bado, Baba Wema."

Mzee akalitoa lile tawi akaliweka juu ya meza. Maua yalikuwa na unga mweupe, kama yamemwagiwa majivu. Dominika alizaliwa Kitangari, hakuhitaji kuelezwa. Ule ulikuwa ugonjwa wa ubwiri unga. Mikorosho ilikuwa ndiyo imeanza kutoa maua, na bila kupulizia salfa ndani ya wiki moja, maua yangekauka yakawa meusi na mwaka mzima ungekwenda na maji. Salfa siku hizi ililetwa na wafanyabiashara. Bwana mmoja wa Dar, Ashraf, alikuwa na lori moja tu lililobaki. Aliahidi kumwandikia Baba Wema kwa barua pepe, na akithibitishiwa kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa kumi, lori lingekuja Kitangari. La sivyo lingeelekea kwingine. Kwa simu hakutaka, maana mwaka uliopita watu watatu walimpigia kutoka juu ya vichuguu vitatu tofauti na kila mmoja akaapa kuwa yeye ndiye Kitangari.

"Aliniambia ataandika Jumatatu," alisema mzee. "Na Ashraf ni ntu wa maneno yake."

Dominika alifungua daftari la seva. Seva ina daftari lake, inaandika kila anayekaribishwa na kila anayefukuzwa, na haimwonei mtu haya. Jumatatu, saa tatu na dakika nne: barua kutoka kwa Ashraf, kwenda kwa babawema. Mia tano na hamsini. Saa sita, tena. Saa tisa, tena.

"Imekuja mara tatu, baba. Imekataliwa."

"Nani aliyeikataa?"

"Mashine."

"Imesemaje?"

Dominika alitamani aseme jambo jingine. "Imesema hakuna Baba Wema hapa."

Mzee aligeuka akaitazama ile kompyuta na magunia yake mabichi. "Maji inayokunywa hiyo," alisema taratibu, "yanapandishwa na wake zetu."

Ili ahakikishe, Dominika aliongea na seva kwa mkono, kama alivyofundishwa Mtwara. Mashine ile husalimiwa kwanza. Usipoisalimia haikupi kitu, na mzee akakubali kwamba hapo angalau imefundwa. Dominika akaandika salamu, seva ikaitikia. Akaandika: nina barua ya babawema. Seva ikajibu: mia tano na hamsini, hajulikani. Akaandika: nina barua ya bwanali.hamisi.mtalika. Seva ikajibu: mia mbili na hamsini, sawa, karibu.

"Huyo wa pili ndiye nani?" akauliza Baba Wema.

"Ni wewe, baba."

"Na wa kwanza?"

"Ni wewe pia."

"Basi mwambie aliyekaribishwa amfungulie mwenzake."

Na kwa kweli dawa ilikuwa hiyohiyo. Mstari mmoja tu: barua za babawema zipelekwe kwa Bwanali. Dominika alikwenda mbio kwa Mratibu kuomba ruhusa, akakuta kikao.

Ilikuwa Kamati ya Kuchunguza Ongezeko la Kutojulikana, iliyoitishwa kwa dharura kwa sababu hata watumishi walikuwa hawapati barua. Bwana Yeremia, mkuu wa tawi la Masasi, alikuwa akichangia hoja. Kwa uzoefu wake wa Masasi, alisema, seva imechoka na ukali wa wananchi; ipewe nafasi ya kupunga upepo. Silvano wa jenereta alisema umeme wa dizeli ya magendo ndio unaoleta kiburi. Mwingine alipendekeza seva ioshwe, ila kwa maji ya kisima, yasiwe ya bondeni. Mapendekezo yote matatu yaliandikwa kwa ajili ya utekelezaji.

"Mheshimiwa, tatizo nimelipata," alisema Dominika. "Watu wanaandikiana kwa majina wanayoitana. Sisi tumeweka majina wasiyoyajua. Niruhusu niongeze mstari kwa kila mtu, jina la nyumbani liongoze kwenye la jalada. Ni kazi ya saa moja."

Mratibu alimtazama kwa huruma. "Bi Dominika, ukiiruhusu seva imjue Baba Wema, kesho itataka kumjua na Mjomba Wema. Kuna utaratibu." Akavuta mtoto wa meza, akatoa Fomu KJ-1, Ombi la Kujulikana, kurasa nne. Mwombaji athibitishwe na mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, na mashahidi wawili ambao wao wenyewe wanajulikana.

"Lakini mheshimiwa, hakuna anayejulikana. Mashahidi watatoka wapi?"

"Watajaza fomu."

"Na mashahidi wao?"

"Bi Dominika," alisema Mratibu, "usiuruke mchakato."

Jumatano foleni ilizunguka ghala mara moja na nusu. Kila aliyekuwemo alikuwa anatafuta shahidi, na kila shahidi alikuwa nyuma yake kwenye foleni hiyohiyo. Wauza maandazi walihamia. Watu walikuwa wanacheka tu, kwa sababu jambo lenyewe lilishafika mahali ambapo mtu hawezi tena kununa. Baba Wema hakucheka. Alikaa kwenye jiwe na mfuko wake, na kila lori lililopita alisimama, akaliangalia, akakaa.

Mratibu alipoiona foleni kupitia mlangoni aliguswa sana na mwitikio wa wadau, akaona cheo chake hakilingani tena na umati ule. Akamwita Dominika. Jina lake kwenye orodha lilikuwa "mratibu" tu, kama jina la paka. Aliamuru lifutwe, liandikwe "mheshimiwa.mratibu.mkuu.mtendaji".

"Sawa, mheshimiwa. Ila barua unazotuma wewe zinatoka na lile jina la zamani. Itabidi nibadilishe na kwenye kompyuta yako, na kwa utaratibu mpya mabadiliko hayo yanahitaji Fomu KJ-1."

"Mimi nijaze fomu ya kujulikana?"

"Ndivyo Waraka unavyosema."

"Orodha ibadilishe, kompyuta yangu iache kama ilivyo," alisema Mratibu. Dominika aliuliza mara mbili, kwa maandishi, na mara zote mbili Mratibu alitia sahihi yake kubwa yenye mkia.

Alhamisi jua likiwa la saa tisa, Dominika alitoka nje kumwagia magunia maji. Baba Wema alikuwa bado yuko juu ya lile jiwe. Alikuwa ameleta tawi jingine. Halikuwa na unga tena, lilikuwa jeusi.

"Hili la kwa nani, baba?"

"La kwa mama yako," alisema mzee. "Nilipita pale asubuhi. Nkorosho haungoji kamati, mwanangu."

Dominika alirudi ndani na ndoo yake tupu. Aliogopa, na hakuwa mtu wa kujidai haogopi. Mshahara wake ndio uliokuwa unamsomesha Agatha. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Aliketi, akaisalimia seva, akaandika ule mstari mmoja. Mara ya kwanza alikosea akaandika "babawena", akafuta, akaandika tena.

Robo saa haikupita, barua ya Ashraf ikaingia. "Baba Wema, hii ni mara ya saba. Upo au haupo?" Mzee aliingizwa ndani, akasimama wima mbele ya kioo cha kompyuta, akavua kofia, akaamuru yaandikwe maneno haya: "Nipo. Lete gari. Bwanali, yaani mimi Baba Wema." Dominika akayatuma kama yalivyo.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mratibu aligundua. Aligundua kwa sababu mzee Bwanali alionekana kwenye foleni akiwa anatabasamu, na hakuna aliyekuwa ameidhinisha jambo hilo. Dominika aliitwa, akakiri. Mratibu alimpa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua kwa kosa la kumjulisha mtu bila kibali, akampa siku saba, kisha akaketi mwenyewe kwenye kompyuta. Alimwandikia Ashraf kwamba anayejiita Baba Wema hajathibitishwa, kwa hiyo lori lisitishwe mara moja mpaka mchakato ukamilike. Nakala aliipeleka wizarani, ili wajue namna kazi inavyofanyika huku kusini.

Dominika alikaa mbele ya daftari la seva mikono ikiwa mapajani. Saa kumi ilikuwa inakuja. Saa sita na nusu mstari ukaandikwa: barua kutoka kwa Ashraf, kwenda kwa mratibu. Mia tano na hamsini, hajulikani. Saa saba: barua kutoka wizarani, kwenda kwa mratibu. Mia tano na hamsini. Saa saba na robo, wizara tena. Saa nane, tena. Dominika alizisoma zote nne, akafunga mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumcheza. Silvano alipita akadhani analia, akampa pole ya ile barua ya kujieleza.

Saa tisa ikaingia nyingine ya Ashraf, kwenda kwa Baba Wema. "Mzee wangu, kuna mtu anajiita mratibu ameniandikia nisilete gari. Nikamjibu kumuuliza yeye ni nani. Mashine yenu wenyewe imesema hajulikani. Nadhani ni tapeli, jihadhari naye. Gari limetoka."

Jumamosi asubuhi lori liliingia Kitangari limejaa salfa, na Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka, mashine za kupulizia zilikuwa zinanguruma kila shamba, hewa ikawa ya njano, watu wanapiga chafya na kucheka, na mama yake Dominika alisema hajasikia harufu tamu hivyo tangu aolewe.

Alhamisi iliyofuata kondakta wa basi alileta bahasha ya wizara. Haikuandikwa kwa Mratibu. Iliandikwa kwa Msimamizi wa Seva.

"Wizara imejaribu mara tatu kuwasiliana na mtu anayetumia jina la mratibu kwa lengo la kumpongeza. Mara zote tatu kituo chako kimetujibu kuwa mtu huyo hajulikani. Wizara imeupenda sana Waraka wenu Namba Saba na imeusambaza nchi nzima. Kwa mujibu wa Waraka huo, mtajwa asihudumiwe wala asikaribishwe kiti mpaka athibitishwe kwa Fomu KJ-1. Wakati huo wewe utakaimu. Iwapo hatapata mashahidi ndani ya siku moja, aondoke ofisini na nafasi itangazwe."

Mratibu aliisoma amesimama, kwa kuwa kiti hakikuruhusiwa. Alitaka kupiga simu wizarani, akaambiwa na sauti ya upole kwamba wizara haizungumzi na watu wasiojulikana. Basi akajaza fomu, kurasa nne, kwa mwandiko mzuri. Akaja kwenye mashahidi. Shahidi wa kwanza alikuwa Dominika, aliyeandika bila kinyongo kwamba anamfahamu. Shahidi wa pili ilibidi awe mtu wa nje ya ofisi ambaye seva inamjua. Katika nyanda zote za juu alikuwa mmoja tu.

Baba Wema aliitwa kutoka shambani. Alifika mchana, kope na masikio yakiwa bado na vumbi la njano, akapewa kiti. Mratibu, ambaye tangu ahamie Newala hakuwahi kumtangulia mtu kwa salamu, alisogea mbele ya kile kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba." Mzee alimtazama juu hadi chini, akamgeukia Dominika. "Nauliza tu, fomu inataka nini?"

"Inauliza kama unamfahamu mwombaji, Baba Wema, na kwa jina gani."

"Sura nimeiona. Imesimama mlangoni siku tatu nikiwa juani." Akafikiri kwa haki kabisa. "Jina sijapewa. Tuliambiwa tuseme mheshimiwa."

Dominika, kwa kutenda haki naye, akaiuliza seva: mheshimiwa. Seva ikajibu: mia tano na hamsini.

Mratibu akalegeza tai. Aliangalia mlangoni, ambako foleni nzima ilikuwa imeingiza vichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo jina ambalo alikuwa ameliacha kwao Lupaso. "Mimi ni Baba Esther."

"Esther yupi? Mwalimu Esther wa shule ya Kitangari?"

"Ndiye. Ndiye binti yangu wa kwanza."

Uso wa mzee ukachangamka. "Mwalimu Esther nanjua sana. Anafundisha wajukuu zangu. Jumapili alikuja kutusaidia kupuliza, kajifunga kitenge kama wenzake, anaamkia kila ntu. Ntoto ana adabu yule." Akachukua kalamu kutoka kwenye mfuko wake wa nailoni, akaiweka sahihi yake mahali Dominika alipomwonyesha, pole pole, herufi kwa herufi. "Andika hivyo, mwanangu. Mwalimu Esther nanjua. Baba yake ndiyo sinjui."

Dominika akaandika, akagonga muhuri, akaita anayefuata.